Alichokiona Edinah

Mama yake Phanice alizikwa Birongo Jumapili moja yenye jua kali, na kabla udongo wa kaburi haujakauka Phanice alikuwa amesharudi chuoni Kisii, kama mtu aliyekwenda nyumbani kuchukua viatu. Wenzake walimpa pole mlangoni, kwenye ngazi, kwenye foleni ya chakula. Alizipokea zote na kushukuru. Hakulia kaburini na hakulia baada ya hapo. Wengine walimsifu kwamba ana moyo mgumu, lakini moyo wake haukuwa mgumu wala laini. Ulikuwa na ganzi. Aliyewahi kung'olewa jino anaijua hali hiyo: unaugusa mdomo kwa kidole, unajua ni wako, ila haukujibu.

Alikuwa anasomea ubunifu wa vitambaa, mwaka wa pili. Muhula huo mwalimu wao, Obwocha, mzee mwenye mvi aliyeanza maisha kwa kuchora mabango ya vinyozi na bucha, aliwapa kazi moja tu. Kila siku kila mwanafunzi alete mchoro wa kitu kilichomsimamisha njiani. Mwisho wa muhula achague mchoro mmoja, augeuze kuwa pambo la kitambaa, na kitambaa chenyewe kitundikwe ukumbini watu waje wakitazame. Mambo ya kunakili kwenye simu aliyakataa. Alisema mawazo wanayoyatafuta yamejaa Daraja Mbili siku ya soko, yamejaa kwenye mabati ya paa na kwenye migongo ya akina mama, na asiyeyaona ni kwa sababu anapita huku akiwaza anakokwenda.

Kinsi, aliyekaa naye chumba kimoja, aliyaona. Baba yake, mzee Salat, alikuwa na duka la vitambaa pale mjini, na Kinsi alikuwa amekulia chini ya meza ya kukatia nguo. Kila jioni alirudi na kitu: kutu iliyochora ramani kwenye tangi la maji, vifuniko vya chupa za chai vilivyopangwa dirishani mwa hoteli, mkokoteni uliofunikwa kwa majani ya mgomba yaliyopasukapasuka yote upande mmoja. Phanice alipita barabara zile zile, macho wazi, akaona barabara. Akachora kikombe. Kesho yake akachora kiatu. Kisha akachora kikombe tena. Mwalimu Obwocha alikitazama kile kikombe cha pili kwa muda, akaigeuza karatasi kifudifudi mezani, taratibu, wala hakumwuliza neno. Alikuwa mmoja wa waliofika Birongo siku ya mazishi.

Jioni hiyo Phanice alimpigia simu Edinah.

Edinah alikuwa mama yake mdogo, ndugu ambaye marehemu mama yake, Nyamoita, alimwachia ziwa. Alikuwa ameolewa Ikonge, ana shamba la chai mteremkoni, mumewe Ongeri anafanya kazi Nakuru na watoto wako shule za bweni. Tangu mazishi walikuwa wakipigiana simu karibu kila siku, kwa kuwa ilionekana ndilo jambo la kufanya, ila maneno hayakuwepo. Umekula? Nimekula. Mvua huko? Imenyesha. Na huku pia. Kisha kila mmoja alisikiliza pumzi za mwenzake hadi mmoja akakumbuka kuaga. Siku hiyo, kwa kukosa la kusema, Phanice aliuliza lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameshindwa kulijibu.

"Makomoke," alisema, maana ndivyo Wagusii wanavyomwita mama mdogo, "leo umeona nini?"

Kimya kilikuwa kirefu hata akadhani mtandao umekatika. Kisha Edinah akasema ameona sanamu ya kufukuzia ndege katika mahindi ya jirani. Imevalishwa joho la kwaya, na ndani ya mkono mmoja wa lile joho ndege wenyewe wamejenga kiota.

Phanice alichora. Hakuguswa na kile alichokuwa akikichora, lakini mkono ulikuwa na njia ya kufuata na ukaifuata. Asubuhi Mwalimu Obwocha hakuugeuza mchoro ule. Aliubandika ukutani.

Basi ikawa desturi. Jioni Phanice anapiga, Edinah anasema alichokiona, Phanice anachora. Kulikuwa na mzee aliyepaka nyumba yake rangi ya samawati mpaka pale mkono wake ulipofika, kwa sababu hana ngazi, na juu ya hapo udongo ukabaki vile vile, mstari ukipanda na kushuka kadiri alivyojinyoosha. Kulikuwa na mwavuli uliotiwa kiraka cha gunia la sukari, maandishi yakawa juu chini. Kulikuwa na daraja la kijito lililotengenezwa kwa benchi kuukuu la kanisa, mgongo wake ungalipo, hivi kwamba kijito kikijaa watu huketi juu yake kungoja maji yapungue. Utando wa buibui ulikuwa juu ya chai alfajiri kama visahani vilivyoandaliwa wageni wengi mno. Na pale sokoni Ikonge kulikuwa na mwanamke mwenye duka ambalo mlango wake ni milango mitatu iliyokatwa na kuunganishwa: kipande cha kijani kutoka nyumba aliyozaliwa, kipande cha bluu kutoka nyumba ya ndoa aliyoiacha, na kipande cha mbao mpya kisicho na rangi. Kila kipande kina kitasa chake. Asubuhi, Edinah alisema, mwanamke yule husimama kidogo kabla hajashika kimojawapo.

Ukuta wa darasa ulijaa. Mwalimu alisema mbele ya wote kwamba Phanice ndiye mwenye jicho katika darasa lile, na Phanice alilisikia jambo hilo kama mtu anayesikia tangazo la kifo cha mtu asiyemfahamu, anapunguza tu sauti ya redio. Hakuona haya wala furaha. Kinsi ndiye aliyemwuliza, usiku walipokuwa wakitandika vitanda, vitu hivyo anaviona saa ngapi na hali wanatembea pamoja. Phanice akamweleza bila kuficha, maana hakuwahi kuwa na nia ya kuficha. Ni vile tu hakuna aliyemwuliza. Kinsi alifikiri, kisha akasema kwamba kwake yeye hakuna ubaya, macho ya ndugu ni macho ya nyumbani. Lakini kama Phanice amechagua ule mlango kuwa kitambaa chake, na alikuwa ameuchagua, ni lazima aende akauone. Rangi haisimuliwi kwa simu, alisema. Kuna kijani mia moja dukani kwa baba yake na hakuna hata kimoja kinachokubali kuitwa jina la kingine.

Ijumaa iliyofuata Phanice alikwenda Ikonge bila kumwarifu Edinah, kwa vile alikusudia kupita sokoni kwanza, apige picha, kisha ateremke nyumbani.

Alilizunguka soko. Aliona milango ya mabati na milango ya mbao, mmoja wa kijani wenye tangazo la sabuni. Akamwuliza fundi viatu duka la mwanamke mwenye milango mitatu liko wapi. Fundi akamtaka arudie, kisha akamwita jirani yake muuza nyanya, wakasaidiana kuwaza. Walikuwa watu wa pale tangu soko likiwa uwanja wa majani. Hawakumcheka. Walimwambia pengine ni soko la mbele, pengine ni lile la Sironga. Phanice akashukuru, akalizunguka soko tena, safari hii polepole, halafu akashika njia ya kwenda kwa mama yake mdogo.

Penye kijito hakukuwa na benchi. Kulikuwa na magogo mawili yaliyolazwa pamoja na kamba ya kushika. Aliyavuka, akasimama ng'ambo akiyatazama. Hakukuwa na nyumba iliyopakwa rangi nusu mahali popote mteremkoni. Na alipofika kwenye kona ambapo shamba la Edinah huanza, hakulitambua. Chai ya pande zote mbili ilikuwa tambarare kama meza, kama chai inavyotakiwa kuwa. Ya Edinah ilikuwa imepanda hadi mabegani, majani yamekomaa na kuwa magumu, magugu yamepita katikati. Ilikuwa kichaka.

Jirani mmoja, Nyangau, alikuwa akimfunga ng'ombe kwenye uzio. Alimsalimu Phanice, akampa pole ya mama kwa mara nyingine, kisha akasema ni vizuri amekuja. Alieleza kwa sauti ya chini, akitazama kamba aliyokuwa akiifunga. Mama yake mdogo hatoki. Wakibisha hodi anaitikia kwamba ana homa, kwamba kesho atakuwa sawa. Hajaonekana kanisani Sabato hata moja tangu aliporudi kutoka Birongo. Mke wake Nyangau humwachia uji na mboga mlangoni, na bakuli hurudishwa mlangoni limeoshwa. Walitaka kumchumia chai isiharibike, lakini shamba ni la mtu na mtu yuko hai ndani ya nyumba, wakaona si adabu.

Edinah alikuwa kwenye kochi la sebuleni, amejifunika leso, pazia zimefungwa, simu iko kifuani. Alipomwona Phanice mlangoni alijaribu kuinuka, akainuka nusu, akabaki hivyo. Alikuwa amekonda usoni. Phanice alivua viatu, akaketi kwenye kigoda karibu naye. Hawakusalimiana.

"Nimezunguka soko lote," Phanice alisema. "Sikuliona duka."

"Halipo."

"Na daraja la benchi?"

"Ni magogo tu. Umepita juu yake."

Nje ng'ombe wa Nyangau alilia mara moja akanyamaza. Edinah alirudi kulala ubavu, akaegemeza shavu kwenye mkono wa kochi, akazungumza akitazama ukuta.

"Siku ile ya kwanza ulipouliza, nilikuwa nimelala hapa hapa. Nikatazama dari. Hapakuwa na kitu darini. Nikakusikia unangoja. Tangu tumzike Nyamoita hukuwa umeniomba kitu chochote, hata maji. Sikuweza kukwambia nimeona dari."

Phanice aliuliza vitu vile vilitoka wapi. Edinah hakujua. Alisema hakuwahi kuwa mtu wa hadithi. Katika nyumba yao msimulizi alikuwa Nyamoita, yeye alikuwa wa kucheka. Lakini simu ikishakatwa alikuwa anaanza kutafuta cha kesho. Alifumba macho akatembea, akashuka mteremko, akapita sokoni, akatazama huku na huku mpaka kitu kikatokea, na kikishatokea alikirekebisha hadi jioni ili kiwe tayari simu ikilia. Siku nzima ilipita hivyo. Alisema hakujua namna nyingine ya kuipitisha.

Phanice alitafuta hasira ndani yake. Ilikuwa haki yake kuwa na hasira, au kulia, au kumkumbatia huyu mwanamke mwenye pua ya mama yake. Akatafuta vyote vitatu na hakupata hata kimoja. Alichokipata ni habari moja tu ya kusema.

"Mwalimu amevibandika ukutani."

"Vyote?"

"Vyote."

Edinah aliwaza hilo. "Lile joho la sanamu, ulilichora la rangi gani?"

"Jeupe."

"Lilikuwa jekundu," Edinah alisema, na kitu kikapita kooni mwake, si kicheko hasa, ila kilitokea upande kicheko kinakotoka.

Phanice alifungua pazia kwa sababu chumba kilikuwa na joto. Alikwenda jikoni, akakuta unga, akakuta pia kwamba mboga za chinsaga zimejiotea zenyewe nyuma ya jiko kwa kukosa mtu wa kuzing'oa. Alizichuma, akapika, wakala. Edinah alikula kidogo, akapumzika, akala tena. Jua lilikuwa linatua, Sabato inaingia, na jambo la shamba halikuweza kuguswa hadi Jumapili. Kesho yake hawakwenda kanisani. Walikaa barazani. Waumini waliopita njiani wakiwa na Biblia zao waliwapungia mikono, na Edinah aliwapungia. Alimwuliza Phanice kama mama yake alisema neno mwishoni. Phanice akamwambia kwamba aliomba mto, akapewa mto, akasema huo si wenyewe. Hakuwa amemwambia mtu jambo hilo. Halikuonekana kuwa na maana yoyote. Edinah alitikisa kichwa kukubali na akauliza kama baadaye wenyewe ulipatikana. Haukupatikana.

Jumapili asubuhi waliingia kwenye chai. Mashina marefu hayachumwi, hukatwa. Phanice alishika panga, Edinah akashika kisu, na walikuwa hawajamaliza mstari mmoja Nyangau na mkewe walipopita kwenye pengo la uzio bila kualikwa, wakaanzia upande wa pili. Baadaye wakaja wengine. Hakuna aliyemtaja marehemu, hakuna aliyeuliza habari ya homa. Mama mmoja alimwambia Edinah, "Umeonekana," naye Edinah akajibu, "Nimeonekana," yakaisha. Kila baada ya muda aliketi juu ya gunia akapumua, kisha akainuka. Kufikia saa za kupika, nusu ya shamba ilikuwa imekatwa, vijiti vitupu vimesimama wazi, na yeyote asiyeijua chai angedhani wameiua.

Phanice aliporudi Kisii alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mwalimu Obwocha, akamweleza kila kitu kama kilivyotokea. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaisahau mkononi.

"Kazi ilikuwa kuona," alisema. "Wewe hukuona."

"Sikuona, Mwalimu."

"Na mama yako mdogo naye hakuona."

"Hakuona."

Alisema amefundisha miaka mingi na hajui alama za jambo kama hilo zinaandikwa wapi. Mwishowe akaamua kwamba za kuchora atampa, kwa kuwa amechora, na za kuona hatampa. Kitambaa anaweza kukitundika ikiwa jina la Edinah litaandikwa kwanza na la kwake lifuate. Phanice aliona ni haki. Alipofika mlangoni Mwalimu alimwita, akamwuliza yule mama anaendeleaje. Phanice akajibu kwamba anakatia chai.

Maonyesho yalifanyika. Kitambaa cha milango mitatu kilining'inia karibu na dirisha, kijani na bluu na rangi ya mbao, vitasa vikirudiarudia kutoka pindo hadi pindo. Kijani kilichaguliwa na Kinsi. Mzee Salat alikuja kutazama kazi ya binti yake, na alipomaliza kuisifu akafika mbele ya ile milango, akashika ukingo wa kitambaa kwa vidole viwili kama wafanyavyo wauzaji, akauliza duka hilo liko wapi. Phanice alimjibu kwamba halipo. Mzee akaendelea kukishika kitambaa. Edinah hakufika, alisema miguu yake bado haijawa ya safari, na Phanice hakumsukuma. Watu walimpongeza. Alisema asante, na alipokuwa akisema alijisikia yuko mbali, kama mtu anayezungumza kutoka chumba cha pili, lakini alijisikia.

Simu hazikukoma. Ila Edinah alikuwa ameanza kutoka, na kwa kutoka akawa haoni tena vitu vya ajabu. Chai ilikuwa inachipua. Ng'ombe wa Nyangau alikuwa amevunja uzio. Kanisani kulikuwa na kunguni. Alivisema hivyo bila kuvipamba, na Phanice alivisikiliza, vingine akavichora kwa kuwa mkono ulishazoea, vingine akaviacha vipite.

Alasiri moja mvua ya Kisii ilishuka kwa kishindo juu ya mabati ya bweni, hivi kwamba yeye na Edinah walilazimika kupandisha sauti kwenye simu. Edinah alisema hana la kusema, leo ameshinda kwenye chai tu. Kisha akauliza, "Na wewe? Umeona nini?"

Hakuwa amewahi kumwuliza. Phanice alikuwa kitandani, mgongo ukutani. Angeweza kusema lolote. Aliinuka akaenda dirishani kwa sababu ndipo palipokuwa karibu.

"Kuna mama amejikinga mvua chini ya paa letu," alisema. "Ana sinia la ndizi mbivu kichwani. Hajalitua."

"Kwa nini hajalitua?"

"Sijui. Pengine kwa sababu chini ni maji."

"Amelishika kwa mkono?"

Phanice alisogea karibu na kioo. "Hapana. Mikono ameikunja. Limekaa lenyewe."

"Anatazama wapi?"

"Anatazama mvua."

Nyuma ya Edinah, huko Ikonge, mvua nyingine ilisikika ikianza. "Niambie akiondoka," alisema.

Phanice akavuta kiti, akaketi dirishani na simu sikioni.